Ann Arbor Mei, Musoma Novemba

Mwaka 1974 yalitokea mambo matatu ambayo waliohusika nayo hawakujuana. Mwezi Mei, mjini Ann Arbor katika jimbo la Michigan, mkutano wa wataalamu wa kompyuta ulipokea makala fupi ya watafiti wawili vijana wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Ilihusu lugha ya kuiuliza mashine maswali, nao waliiita SEQUEL. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Na mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati ule, iliketi Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, ikatoa azimio lililobeba jina la mji huo: elimu ya msingi kwa kila mtoto ipatikane ifikapo Novemba 1977, si 1989 kama ilivyokuwa imepangwa.

Kwa wanasiasa, Azimio la Musoma lilikuwa tamko la usawa. Kwa karani wa ofisi ya elimu wilayani lilikuwa agizo la kuhesabu. Watoto waliofika umri wa kuanza shule ni wangapi, wako vijiji gani, na vijiji vyenyewe viko wapi, maana operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa ilikuwa inaendelea na kaya zilizokuwa huku mwaka jana zilikuwa kule mwaka huu. Walimu wanahitajika wangapi, hata wale wa kufundishwa harakaharaka ambao wananchi waliwabandika jina la walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Kazi ilifanyika. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walipita milioni 3 ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kila tarakimu iliyotoka Mara, mkoa wa Musoma, kwenda Dar es Salaam ilipita mikononi mwa mtu aliyefungua rejista, akajumlisha kwa kalamu, akaandika barua, akaweka nakala katika jalada.

Nguvu ya mfumo ule ilikuwa masjala, na nguvu ya masjala ilikuwa karani wake. Yeye alijua kuwa takwimu za shule za Bunda ziko katika jalada la rangi fulani, rafu ya chini, na kwamba orodha ya mwaka juzi iliazimwa na ofisi ya mipango wala haijarudi. Ukimuuliza swali alilolizoea, jibu linakuja kabla chai haijapoa. Ukimuuliza swali jipya, kwa mfano shule zipi zina watoto wengi wa darasa la kwanza kuliko madawati, atakutazama kwanza. Majibu yote mawili yapo katika majalada, ila majalada yamepangwa kwa jina la shule, hayakupangwa kwa swali lako. Na karani akihamishiwa Tarime, nusu ya ujuzi wa ofisi unapanda basi naye.

Shida hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa Ann Arbor. Mashine za wakati ule zilitunza kumbukumbu kwa kuziunganisha: rekodi ya mteja ikielekeza kwenye rekodi ya agizo lake la kwanza, hilo likielekeza kwenye la pili, na kuendelea. Bingwa wa mtindo huo alikuwa Charles Bachman, aliyebuni mfumo wa IDS akiwa General Electric na kupewa Tuzo ya Turing mwaka 1973. Kwake yeye, mwandishi wa programu ni baharia anayesafiri ndani ya data, akijua kila mkondo. Upande wa pili alikaa Edgar Codd, Mwingereza wa IBM huko San Jose, California, aliyewahi kuwa rubani wa kijeshi katika Vita Kuu ya Pili. Juni 1970 Codd alichapisha makala iliyosema kitu kilichoonekana kama ndoto za mwanahisabati: data zote ziwekwe katika majedwali ya kawaida, mistari na safuwima, na anayeuliza asilazimike kujua zimehifadhiwa wapi wala zinafikiwa kwa njia gani. Aseme anachokitaka tu. Namna ya kukipata iwe mzigo wa mashine.

Wawili hao walikabiliana ana kwa ana katika mkutano uleule wa Mei 1974. Wafuasi wa Bachman waliuliza swali la haki kabisa: mashine itajuaje njia nzuri, ikiwa hata binadamu mzoefu hupotea? Codd hakuwa na mashine ya kuonyesha. Alikuwa na hoja.

Makala ya Chamberlin na Boyce ilikuwa jaribio la kuigeuza hoja hiyo kuwa kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukiandika, kwa maneno machache ya Kiingereza chepesi badala ya alama za hisabati. Waliwataja wazi waliowalenga: wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo, wapanga miji. Yaani watu wenye maswali ambao hawana haja ya kuwa mafundi wa kompyuta. Ofisa elimu wa Musoma angeingia katika orodha hiyo bila kubadilisha koma. Boyce hakuishi kuona matunda. Alifariki ghafla mwaka huohuo kwa kupasuka mshipa wa damu katika ubongo, hata miaka 30 hajatimiza. Jina SEQUEL nalo lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya Uingereza ya kuunda ndege, likafupishwa kuwa SQL.

Marufuku ya Tanzania mara nyingi husimuliwa kama kichekesho, nami naona anayecheka hajasoma vizuri. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza ya serikali mwaka 1965, ICT 1500 kutoka Uingereza, na baadaye ikafuata mashine ya familia ya ICL 1900. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali humo ulikwenda mrama na kula fedha nyingi, huku watu wenye ujuzi wa kuzisimamia mashine hizo wakiwa wa kuhesabika. Zile zilikuwa mashine za kumtegemea baharia, na mabaharia wengi walikuwa wageni wenye mikataba. Serikali iliyokuwa inahangaika na fedha za kigeni haikuwa na wazimu kusema basi. Gharama yake ilionekana baadaye: miaka ileile ambayo wengine duniani walikuwa wanajifunza kuuliza maswali kwa namna mpya, ofisi zetu zilibaki na karani na kalamu. Masharti yalilegezwa katika miaka ya 1980, na kompyuta ndogo zikaanza kuingia, nyingi zikifuatana na miradi ya wafadhili.

Huku nyuma San Jose ilikuwa imeshalijibu swali la wafuasi wa Bachman. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake, waliokuwa wakijenga mfumo wa majaribio wa System R, walieleza jinsi mashine inavyochagua njia yenyewe. Mfumo hutunza takwimu juu ya majedwali: lina mistari mingapi, safuwima hii ina thamani ngapi zisizorudiwa. Swali likija, hupanga njia kadhaa za kulijibu, hukadiria gharama ya kila njia kwa idadi ya kurasa zitakazosomwa kwenye diski na kazi ya kichakataji, kisha huchukua iliyo nafuu. Karani wa masjala alikuwa ameingizwa ndani ya mashine. Na kama karani yeyote, uzuri wake ungetegemea anavyoifahamu rafu yake siku hiyo, si mwaka juzi.

Mwaka huo wa 1979 kampuni changa ya Larry Ellison iliiwahi IBM sokoni na Oracle. Mwaka 1986 SQL ikawa kiwango rasmi cha Marekani, mwaka uliofuata cha dunia. Chuo Kikuu cha Berkeley, California, kilikuwa na ukoo wake tofauti: Michael Stonebraker alijenga Ingres, kisha kuanzia 1986 Postgres, ambazo mwanzoni hazikuzungumza SQL. Wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, ndio walioipachika SQL katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1996 mfumo ukaitwa PostgreSQL. Ukoo huu ndio uliofika Mara, na mlango ulioingilia ulikuwa wa zahanati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Aliyewahi kufanya kazi kituo cha afya Tanzania havijui vitabu vile kwa majina ila kwa namba. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto. Muuguzi hujaza mstari kwa kila mtu, hupiga tali, mwisho wa kipindi hujumlisha na kupeleka fomu wilayani. Zamani wilaya ilijumlisha vituo, mkoa ukajumlisha wilaya. Kila ngazi ilipojumlisha, undani ulipotea: ukifika mkoani uliona malaria ya Bunda nzima, na hapakuwa na namna ya kurudi kuuliza ni kituo gani kilichoipandisha.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka Afrika Kusini baada ya 1994, katika mradi uliowaunganisha wanaharakati wa afya wa Cape Town na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo. Programu yao, DHIS, ilianza juu ya Microsoft Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa Java, likatumika kwanza Kerala, India, mwaka 2006, na kanzidata yake ya kawaida ni PostgreSQL. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenya iliweka nchi nzima katika seva moja mwaka 2011; Tanzania ilikamilisha kusambaza mfumo huo wilaya zote mwaka 2013. Tarakimu ya kituo sasa ingeingia kama ilivyo na kubaki kama ilivyo, na kujumlisha kungefanywa wakati wa kuuliza.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta kazi. Katika DHIS2 jedwali kuu, linaloitwa datavalue, huweka kila tarakimu katika mstari wake: kipimo gani, kipindi gani, kituo gani, kundi gani la umri au jinsia, na thamani. Fomu moja ya mwezi huzaa mistari kwa mamia. Zidisha kwa maelfu ya vituo vya nchi, kwa miezi, kwa miaka. Tena thamani yenyewe huhifadhiwa kama maandishi, kwa kuwa fomu nyingine hubeba ndiyo na hapana, hivyo kabla ya kujumlisha lazima igeuzwe kuwa namba, mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye majedwali mawili tu. Mratibu wa MTUHA wa Manispaa ya Musoma anataka kujua wagonjwa wa malaria wa chini ya miaka mitano katika vituo vya kata ya Iringo kwa mwaka 2013:

SELECT SUM(t.idadi)
FROM taarifa t
JOIN vituo v ON v.namba = t.kituo
WHERE v.kata = 'Iringo'
AND t.kipimo = 'malaria_u5'
AND EXTRACT(YEAR FROM t.mwezi) = 2013;

Swali ni sahihi na jibu litakuwa sahihi. Laweza kuchukua sekunde moja, laweza kuchukua robo saa. Ukiweka amri ya EXPLAIN ANALYZE mbele yake, PostgreSQL itakufunulia njia iliyopita na muda uliotumika kila hatua, na hapo ndipo utakapokuta maneno yanayomtoa jasho fundi: Seq Scan on taarifa. Maana yake mashine imesoma jedwali lote, kuanzia Kagera mpaka Mtwara, ili kupata mistari michache ya kata moja ya Musoma.

Kosa la kwanza liko kwenye mwaka. Kuifunga safuwima ndani ya fomula ya EXTRACT kunaifanya faharasa (index) ya safuwima hiyo isifae, kwa kuwa faharasa imepangwa kwa tarehe, haikupangwa kwa matokeo ya fomula. Andika t.mwezi >= '2013-01-01' AND t.mwezi < '2014-01-01', maana ileile, na faharasa inarudi kazini. La pili ni faharasa yenyewe. Aina inayotumika sana, B-tree, waliibuni Rudolf Bayer na Edward McCreight kule Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila ngazi yake hubeba funguo nyingi kwa pamoja, hivyo hatua tatu au nne zatosha kuufikia mstari mmoja kati ya mamilioni. Lakini yenye safuwima kadhaa husomwa kuanzia ile ya kwanza. Ufunguo mkuu wa datavalue huanza na kipimo, hufuata kipindi, ndipo kituo. Anayeuliza malaria ya mwezi huu nchi nzima ameufungua kwa mbele. Anayetaka kila kitu cha kituo kimoja ameushika kwa mkia, na anahitaji faharasa nyingine inayoanza na kituo.

Wengi wakigundua hili huongeza faharasa kama chumvi. Si busara. Kila mstari unaoingia hulazimika kuandikwa katika faharasa zote, na mwanzoni mwa mwezi, wilaya zote zinapoingiza fomu kwa wakati mmoja, gharama hiyo inaonekana waziwazi.

Mwanzo huohuo wa mwezi huleta mtego ulio mgumu zaidi kuugundua, kwa sababu swali halijabadilika hata herufi. Jana lilijibiwa haraka, leo limekwama. PostgreSQL huhuisha takwimu za jedwali yenyewe, ila kwa kawaida husubiri mpaka asilimia 10 ya mistari, na hamsini juu yake, iwe imebadilika. Kwa jedwali la mistari milioni 100 hiyo ni milioni 10. Fomu za mwezi mpya zikimiminika chini ya kiwango hicho, mfumo bado unaamini mwezi huo una mistari michache mno. Kwa imani hiyo huchagua kwenda mstari kwa mstari, kila mmoja ukitafutiwa mwenzake katika jedwali la pili, njia inayofaa kwa mistari kumi na kuangamiza kwa laki nane. Tiba ni amri moja, ANALYZE taarifa, na mpango hubadilika papo hapo: mfumo hujenga jedwali la heshi mara moja na kulipitia. Dalili yake katika EXPLAIN ANALYZE ni pengo kati ya makadirio na hali halisi, rows=1 upande mmoja, rows=800000 upande wa pili. Binafsi, nikipewa kuangalia kitu kimoja tu katika mpango mzima, ningeangalia pengo hilo na kuacha mengine yote.

Hata hivyo, walioijenga DHIS2 waliamua kwamba kwa ripoti za nchi nzima kurekebisha maswali hakutoshi. Hutengeneza mapema majedwali ya uchambuzi, yaliyogawanywa kwa mwaka, ambamo thamani imeshageuzwa namba na kila mstari umebeba mkoa wake na halmashauri yake katika safuwima zake. Kazi hiyo hufanyika kwa ratiba, kwa kawaida usiku. Ndiyo sababu ya malalamiko yanayosikika katika kila mafunzo ya wilaya: nimeingiza taarifa asubuhi, mbona kwenye ripoti hazipo? Zipo. Zitaonekana kesho.

Na ni katika safuwima hizo za mkoa na halmashauri ambapo historia ya Mara inajitokeza tena. Mwaka 2007 Rorya ilikatwa kutoka Tarime. Mwaka 2012 ikazaliwa wilaya ya Butiama kutoka Musoma Vijijini. Sensa ya 2002 iliipa Musoma Vijijini zaidi kidogo ya watu 330,000. Sensa ya 2012 iliikuta Musoma, bila manispaa, ikiwa na watu 178,356. Asiyejua angedhani balaa limepita. Hakuna aliyeondoka: watu 241,732 walihesabiwa chini ya Butiama, na jumla ya mkoa, 1,743,830, ilikuwa imepanda.

Kanzidata hukosea kwa upande wa pili. Zahanati ikihamishwa kutoka kapu la Musoma kwenda la Butiama, mti wa maeneo hubadilishwa mahali pamoja, na majedwali ya uchambuzi yakijengwa upya usiku, hutumia mti wa leo kwa miaka yote. Asubuhi ripoti ya 2011 inaonyesha Butiama ikiwa na wagonjwa, mwaka ambao wilaya hiyo haikuwapo, na Musoma Vijijini ya 2011 imepungua kuliko ilivyo katika kitabu cha ripoti kilichochapwa mwaka ule. Hakuna tarakimu iliyoguswa. Kila SELECT imejibu kwa uaminifu.

Kwa mganga mkuu anayetaka kulinganisha miaka, hali hiyo ni neema: eneo lilelile la ardhi, miaka kumi mfululizo. Kwa mkaguzi anayelinganisha na karatasi zilizotiwa saini, ni maafa. Njia ya kuwaridhisha wote wawili inajulikana. Jedwali la uhusiano kati ya kituo na halmashauri hupewa safuwima mbili za tarehe, kuanzia lini na mpaka lini, kisha JOIN huongezwa sharti kwamba mwezi wa taarifa uangukie kati yake. Faharasa nayo ianze na kituo, ifuate tarehe ya kuanzia. Swali huwa refu kwa mistari miwili, na hutumia muda zaidi kidogo. Kinachobaki ni kwa anayeomba ripoti kutaja anataka mipaka ya mwaka gani, ya 2011 au ya leo, na fomu nyingi za maombi hazina nafasi ya kujaza hilo.